Mawifi Wawili na Stesheni Isiyo na Treni

Mpima ardhi mstaafu, mtu aliyepanda vilima vyote vya wilaya ile na kushuka salama, hakuvunjika mguu kilimani. Aliuvunja sebuleni kwake, juu ya kigoda, akibadilisha taa. Mkewe alikuwa jikoni. Alisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mumewe ikiuliza kwa upole kutoka sakafuni, "Mke wangu, imewaka?"

"Haijawaka," mkewe akamjibu akiwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Na haitawaka. Umeme umekatika tangu asubuhi."

Basi Mpima akafungwa plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, akalazwa kwenye kochi refu, mguu juu ya mito, simu kifuani. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Mpima ndiye aliyekuwa kiongozi wa matembezi.

Kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, alikuwa akiwachukua watu wa mjini na kuwatembeza mashambani na porini, kuwaonyesha magofu, mabwawa, makaburi ya zamani, ndege na wanyama. Hakuwa akifanya kazi hiyo peke yake. Mkewe, karani wa mahakama mstaafu, alishughulikia historia. Watu walimwita Bi Tarehe, maana ukimwuliza njia ya kwenda sokoni alikuanzishia tangu siku barabara hiyo ilipochongwa, nani aliichonga, na kesi gani ilifuata. Upande wa ndege na wanyama ulikuwa wa dada yake Mpima, mkunga wa hospitali ya mji, mwanamke mwembamba mwenye darubini shingoni na sauti ya kuamrisha. Mkunga alipenda ndege kuliko watu, akisema ndege akishaangua mayai yake halalamiki.

Shida ni kwamba historia inataka kusemwa, na ndege wanataka kunyamaziwa. Bi Tarehe akifungua mdomo, ndege wote hadi mto wa tatu wanahama. Mkunga akiinua kidole kuomba kimya, Bi Tarehe anabaki na mwaka mzima umemkwama kooni. Miaka yote Mpima alikaa kati yao kama majani makavu kati ya vikombe, vikasafiri bila kugongana.

Si kwamba mawifi hao waligombana. La hasha. Waliitana "wifi yangu kipenzi" kwa sauti tamu iliyowafanya watoto watoke chumbani. Lakini Mkunga alikuwa na tabia moja ambayo Bi Tarehe aliihesabu kuwa ni vita. Kila akija kumsalimia kaka yake, aliingia jikoni, akafungua makabati, akapanga upya sufuria: kubwa chini, ndogo juu, mifuniko pembeni. Akishaondoka, Bi Tarehe alizirudisha zote mahali pake huku akizibamiza, na Mpima kule sebuleni akaongeza sauti ya redio.

Sasa Mpima, godoro la amani kati yao, alikuwa amevunjika mguu, na Jumamosi ilikuwa inakaribia. Mpima alifikiri usiku mzima. Alikuwa jasiri mbele ya nyati, lakini hakuwa jasiri mbele ya wanawake wawili. Asubuhi ya Jumatatu akamwambia mkewe, "Ongoza wewe. Dada nimeshaongea naye, amekubali kukufuata." Mkewe alipokwenda dukani, akampigia dada yake simu. "Dada, kundi nakukabidhi wewe. Wifi yako nimeshaongea naye, amekubali kukufuata." Kisha akajifunika shuka usoni akalala usingizi wa mtu mwenye dhamiri safi.

Jumamosi ikafika. Watembeaji walikutana kwenye kituo cha mafuta mwisho wa mji. Hawakuwa wengi. Kulikuwa na muuza nyama mnene aliyeitwa Bucha, ambaye daktari alimtaka achague kati ya kutembea na kuzikwa, naye akaomba wiki moja ya kufikiri. Kulikuwa na refa mstaafu wa mpira wa miguu, ambaye alistaafu uwanja lakini si filimbi. Na walikuwepo maharusi wa juzijuzi, waliokuja kwa sababu walikuwa bado wanakwenda kila mahali pamoja, hata kununua chumvi.

Bi Tarehe alifika amevaa kofia ya mumewe. Mkunga alifika amebeba fimbo ya kaka yake.

"Wifi yangu kipenzi," akasema Bi Tarehe akiitazama fimbo.

"Wifi yangu kipenzi," akasema Mkunga akiitazama kofia.

"Leo tunakwenda kusini," wakasema wote wawili kwa pamoja, ila mmoja alisema kusini na mwingine alisema kaskazini.

Kila mmoja akamwona mwenzake kuwa mtu asiye na haya, aliyekubali jambo Jumatatu na kulikana Jumamosi. Lakini hakuna aliyelitamka, maana mbele ya watu wifi hamvui wifi nguo. Wakaanza kubishana kwa adabu, ambayo ni aina mbaya kuliko zote za ubishi kwa sababu haina mwisho. Bucha akakaa juu ya tairi. Maharusi wakagawana ndizi.

Hatimaye Refa akapuliza filimbi. Mhudumu wa kituo cha mafuta akadondosha mpira wa pampu.

"Mchezo una vipindi viwili," Refa akatangaza. "Kipindi cha kwanza ni cha ndege. Cha pili ni cha historia. Katika kipindi cha ndege, historia inafunga mdomo. Katika kipindi cha historia, ndege wanajitegemea. Atakayevunja sheria ataona kadi." Akagusa mfuko wa shati. Zilikuwemo kweli, ya njano na nyekundu. Alikuwa akitembea nazo hata msibani.

Kuhusu njia, akarusha sarafu hewani. Ikaangukia kaskazini, kwenye njia ya Mkunga.

Kwa Bi Tarehe kipindi hicho kilikuwa mateso. Walipita kwenye daraja la mawe lililojengwa na wafungwa, na yeye aliijua kesi ya kila mfungwa; akameza mate. Walipita kwenye mti wa mpaka wa mashamba mawili uliogombewa hadi walalamikaji wote wakafa kwa uzee, akameza tena. Mkunga alikuwa mbele, amechutama nyuma ya kichuguu, darubini machoni, akinong'ona kwamba yule kwenye tawi ni kigong'ota dume, na wakitulia atawaonyesha tundu lake. Wote wakatulia. Hata Bucha akapumulia ndani.

"Kichuguu hicho," Bi Tarehe akamnong'oneza bibi harusi, "kiliwahi kutolewa kama kielelezo mahakamani."

Kigong'ota akaruka. Filimbi ikalia. Kadi ya njano ikapaa juu.

"Kwa kunong'ona?" Bi Tarehe akauliza.

"Kunong'ona kwako, mama, kunasikika hadi benchi la wachezaji wa akiba," akasema Refa, akaandika hewani kwa kidole kwa sababu hakuwa na kalamu.

Mkunga hakugeuka. Lakini mabega yake yalitikisika, na Bi Tarehe alijua mtu anayecheka anavyoonekana kwa nyuma. Akaapa moyoni kwamba kipindi cha pili kitakuwa cha kukumbukwa. Akapanga kuwapeleka kwenye stesheni ya zamani, iliyokuwa mashariki kidogo, nyuma ya kichaka cha miiba. Kwa miaka mingi alitamani kuisimulia habari ya stesheni ile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila safari ilimezwa na ndege fulani.

Ndipo mlembe akatokea. Ni kindege cha kijivu ambacho ukikipita kwenye waya hukigeukii. Lakini mlembe ana kazi yake mjini na porini: anajua nyuki walipo, na kwa kuwa hawezi kuvunja mzinga mwenyewe, hutafuta mtu wa kumwongoza. Alitua juu ya mwiba mbele yao, akaanza kupiga kelele kama mtu anayetikisa kibiriti chenye njiti chache. Mkunga akashika kifua.

"Anatuita," akasema. Alikuwa amezalisha nusu ya mji ule bila kutokwa na chozi, lakini sasa macho yalimng'aa. "Miaka yote namsoma vitabuni. Anatuita sisi!"

Ndege akaruka, akatua mbele kidogo, akatikisa kibiriti chake. Upande aliotua ulikuwa mashariki.

Mkunga akamgeukia wifi yake, tayari kwa vita. "Wifi, naomba tupinde mashariki."

Bi Tarehe, aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kupinda mashariki, akaona huyu wifi amechoka kushindana na sasa anajisalimisha. "Mashariki?" akasema. "Haya, wifi yangu. Kwa ajili yako."

Mkunga naye akaona ajabu: mara ya kwanza katika maisha yake Bi Tarehe amekubali jambo bila kukata rufaa. Kila mmoja akajiona ameshinda, na mshindi huwa mkarimu. Wakatembea bega kwa bega. Bi Tarehe akamshikia wifi yake matawi ya miiba yasimchane. Mkunga akamwambia kofia inampendeza. Refa alitazama hali ile kwa mashaka, kama anavyoitazama timu isiyocheza rafu.

Mlembe akaruka na kutua, akaruka na kutua, mpaka wakatokea kwenye uwazi wa nyasi ndefu. Pale mbele yao ilisimama stesheni: nyumba ndogo ya matofali, paa limetoboka, mtini umeota kwenye ukumbi wa abiria, na dirisha la tiketi bado lina nondo zake. Mbele ya ukumbi hapakuwa na reli. Hapakuwahi kuwa na reli. Pembeni, tangi la maji la chuma lilikuwa limeanguka kutoka kwenye nguzo zake na kulala ubavu, mdomo wazi. Kwenye boriti ya ukumbi kulining'inia kipande cha chuma kilichotumika kama kengele.

Mlembe akatua juu ya paa, akanyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Kimya," akanong'ona Mkunga. "Nyuki wako hapa hapa. Msiguse kitu."

"Kipindi cha pili," akasema Bi Tarehe.

"Wifi, bado ni ndege."

"Ndege amenyamaza. Hana la kusema. Mimi ninalo." Akapanda ukumbini, akageuka kuwatazama kama alivyowatazama watu mahakamani kabla hakimu hajaingia. "Jengo hili lilijengwa kabla ya reli. Walisema reli inakuja, basi wakatanguliza stesheni. Wakamleta na stesheni masta, kijana mwenye sare na vifungo vya shaba. Halafu wakubwa wakabadili mipango, reli ikapinda kwenda mji mwingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Kila asubuhi alifagia ukumbi huu. Kila saa ya treni alipiga kengele hii, akawatangazia wachungaji na mbuzi wao kwamba treni imechelewa, akawaomba radhi…"

"Wifi, nakuomba," Mkunga akasema. Alikuwa ameona dirisha la tiketi. Nyuma ya nondo zile palikuwa na kitu cheusi kinachocheza kama kitambaa kwenye upepo, na upepo haukuwepo. "Nakuomba sana, shuka."

Kwa Bi Tarehe, huo ulikuwa ule ule mkatizo wa miaka yote. Filimbi ikalia, Refa alikuwa tayari ameinua kadi, na haikuwa ya njano.

"Nasema," Bi Tarehe akapaza sauti, "alipiga kengele hii! Hivi!" Akaokota jiwe, akakigonga kile chuma kwa nguvu zake zote.

Ule mlio ungeweza kuita treni kutoka mji mwingine. Treni haikuja. Nyuki walikuja.

Walitoka dirishani kama watu waliokaa foleni miaka mingi na sasa wameambiwa tiketi zimekwisha. Refa alipuliza filimbi kuwazuia, kwa mazoea, kisha akaimeza nusu na kukimbia. Bwana harusi aliruka kichaka ambacho mtu mwenye akili angekizunguka, na wala hakutazama nyuma. Bucha, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli akifungua maandazi yake, aliondoka bila maandazi na bila kiatu kimoja, na wote walioshuhudia wanasema hakukimbia kama mtu mnene, alikimbia kama mtu aliyeazimwa miguu.

Bi Tarehe hakuwa wa kukimbia. Alimwona wifi yake amesimama katikati ya nyasi, amefumba macho, anapunga mikono, na sauti yake ya hospitali ikiamuru kila mtu: "Pumua! Vuta pumzi! Usisukume! Usisukume kwanza!" Bi Tarehe akamrushia mtandio kichwani, akamshika kiuno, akamburura hadi kwenye tangi, akamsukumia ndani kama mkate kwenye tanuri, naye akaingia nyuma yake. Nusu ya pili ya mwili wake ilikataa. Mkunga akamvuta mikono.

"Pumua nje!" akaamuru.

Bi Tarehe akapumua nje, akaingia. Wakaziba mdomo wa tangi kwa mtandio na kofia. Giza. Nje nyuki wakawa wananguruma kwenye chuma. Ndani kila pumzi ilirudi mara mbili.

Walikaa hivyo magoti kwa magoti. Bi Tarehe alikuwa amechomwa mkononi na shingoni. Mkunga alikuwa amechomwa kwenye kope, na jicho lilikuwa linajifunga polepole kama duka saa ya magharibi.

"Usiubane mwiba kwa vidole," akasema Mkunga. "Kwangua kwa ukucha. Pembeni. Taratibu."

Bi Tarehe akakwangua mwiba. Alikuwa hajawahi kumgusa wifi yake usoni.

"Nisamehe," akasema. "Nimegonga kwa hasira."

"Nilijua. Ulinikasirikia tangu kwenye kituo cha mafuta. Lakini, wifi, si ulikubali mwenyewe niongoze? Kaka alinihakikishia."

Bi Tarehe akaacha kukwangua. "Alikuhakikishia nini?"

"Kwamba ameongea na wewe, na umekubali kunifuata."

"Aliniambia hayo hayo kuhusu wewe."

Kisha Mkunga akaanza kucheka. Alicheka kwa puani, halafu kwa tumbo, na tangi likacheka naye, hadi Bi Tarehe naye akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka nyuki nje wakaongeza kelele.

"Alikuwa hivyo tangu mtoto," Mkunga akasema akifuta jicho zima. "Mama akituuliza nani amevunja kikombe, yeye anatuambia kila mmoja kwa siri kwamba ni mwenzake amekiri."

"Na nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii! Mimi, karani wa mahakama!"

Wakacheka tena, wakachoka. Halafu Bi Tarehe, kwa kuwa giza humpa mtu ujasiri, akauliza alichotaka kuuliza siku nyingi. "Wifi, sufuria zangu zimekukosea nini?"

Mkunga alikuwa mjane mwaka wa nne, na watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na kwake.

"Kwangu," akasema, "ninachokiweka mezani asubuhi nakikuta pale pale jioni. Kijiko kikiwa upande wa kulia, kitabaki kulia mpaka mimi mwenyewe nikitoe. Nikija kwenu nakuta vitu vimehama, vimetumika, vimeungua. Mikono inaniwasha tu. Sikujua kama inakuudhi."

"Iliniudhi sana."

"Sasa ungesema."

"Kwa wifi? Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia tangu barabara ilipochongwa, kama kawaida yako," akasema Mkunga, na Bi Tarehe akampiga kofi dogo la goti. "Enhe, na yule stesheni masta? Alikuwa na mke?"

Bi Tarehe akafungua mdomo, akaufunga. Katika matembezi yote, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza mvua, wakingoja ipite. "Sijui," akasema, na neno hilo lilimshangaza. "Sikuwahi kufikiria. Sare yake, lakini, nani alikuwa akiifua?"

Ndipo kitu kikasogea mwisho wa tangi.

Kilikwaruza chuma. Kikatulia. Kikakwaruza tena. Macho yao sasa yalikuwa yamezoea giza, na kupitia kwenye tundu la kutu mwale mmoja wa jua uliangukia ngozi ya magamba yenye madoa ya manjano, kisha mguu wenye kucha, kisha ulimi uliotoka na kurudi.

"Katika msafara wa mamba," akanong'ona Bi Tarehe kwa sauti isiyokuwa yake.

"Na kenge wamo," akamalizia Mkunga. "Wifi, ni mkubwa. Sijawahi kuona mkubwa hivi. Usitikisike."

Waliruka majivu wakakanyaga moto. Nje nyuki, ndani kenge, na mlango ni mmoja, nao walikuwa wameuziba kwa kofia. Bi Tarehe alihisi mkono wa wifi yake ukimshika wake, mkono mkavu, wenye nguvu, uliowahi kupokea watu wengi duniani. Mkono mwingine wa Mkunga ulinyoosha polepole, ukavuta pembe ya mtandio, mwanga ukaingia.

Kenge akauona mwanga. Akaanza kuja. Alipita kwanza juu ya fimbo, kisha ubavuni mwa Mkunga, kisha akapanda juu ya miguu ya Bi Tarehe kana kwamba ni mizizi ya mti. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na baridi, na ngozi yake, ilipokaribia mwanga, ilikuwa imeshonwa kwa ushanga mdogomdogo, kila mmoja na rangi yake. Alisimama pale mapajani mwake, akageuza kichwa, akamtazama. Lilikuwa jicho la mtu aliyeishi pale zamani kuliko stesheni, asiyejali reli imepinda wapi. Bi Tarehe hakusema neno. Hakutaka kusema neno. Hata jina lake angeulizwa wakati ule, angelikataa.

Kenge akatoa ulimi, akashuka, akatokea mdomoni mwa tangi, akaingia nyasini. Mkia wake ulichukua muda kumalizika.

"Umeona?" akanong'ona Mkunga.

Bi Tarehe akaitikia kwa kichwa kwamba ameona. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ni ya nini.

Nyuki walipotulia, mawifi wakatoka, mmoja akivutwa, mwingine akivuta. Wakawakuta wenzao barabarani. Bucha alikuwa mbele kabisa, juu ya jiwe, akipunga kofia yake.

"Wahenga walisema fuata nyuki ule asali," akasema. "Hawakusema nyuki akikufuata wewe utakula nini. Mimi maandazi yangu nimeyala moyoni tu."

Bibi harusi alikuwa amempa mumewe mgongo. Alitaka kuelezwa, mbele ya mashahidi, ni mapenzi gani hayo yanayoruka kichaka na kumwacha mke nyuma na ndizi mkononi. Bwana harusi alieleza kwamba alitangulia kukagua kama njia ni salama. Refa, ambaye mdomo ulikuwa umevimba kiasi kwamba filimbi haikukaa, akamwonyesha kadi nyekundu, na wote wakakubali kwamba uamuzi ulikuwa wa haki.

Mpima alisikia mlango ukifunguliwa. Alipoinua kichwa kutoka kwenye kochi, aliona mkewe na dada yake wameshikana mikono, nywele zimejaa nyasi, mmoja shingo imevimba, mwingine ana jicho moja. Hakuogopa uvimbe. Aliogopa ile mikono iliyoshikana.

"Matembezi yalikuwaje?" akauliza, akivuta shuka.

"Mshtakiwa asimame," akasema Bi Tarehe.

"Mke wangu, siwezi kusimama. Mguu."

"Basi mshtakiwa alale. Lakini alale kwa heshima."

Mkunga akavuta kiti, akakaa kama hakimu. Bi Tarehe akasoma mashtaka kwa sauti yake ya zamani: kwamba mshtakiwa, akiwa na akili timamu na mguu mmoja, aliwaambia watu wawili jambo moja kwa namna mbili. Mpima akajitetea kwamba alitaka amani.

"Amani ya nani?" akauliza Mkunga.

"Yangu," akakiri Mpima, na ukweli wake ukampunguzia adhabu. Alihukumiwa kula uji wa ulezi usio na sukari kwa muda wote wa plasta, na kutokuwa na siri na mmoja wao bila mwingine kuwepo. Alikubali vyote. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli walikaa ndani ya tangi moja, na kama walitoka wote hai, na walipomsimulia habari ya kenge alicheka mpaka mguu ukamuuma na ikabidi apewe dawa.

Mwezi uliofuata watu walijaa kituo cha mafuta mpaka mhudumu akaomba wasogee. Bucha alikuwa amewasimulia wateja wake wote, na kwa kila kilo ya nyama kenge aliongezeka urefu, hata wengine walikuja na kamba. Mawifi hawakuwapeleka stesheni. Waliwapeleka mtoni, kwenye kivuko cha zamani ambako, kwa mujibu wa Bi Tarehe, wasafiri walikuwa wakilazimika kuvua viatu mbele ya mlinzi aliyedai kuviangalia, kumbe anaviiba.

Alikuwa ameanza tu na yule mlinzi aliposikia kidole cha wifi yake kikimgusa kiwiko. Juu ya tawi lililoinamia maji alikaa ndege mdiria, bluu kama wino uliomwagika, akikitazama kitu fulani chini ya maji.

Bi Tarehe akanyamaza. Umati ukanyamaza. Maji yakapita.

"Amemaliza?" akanong'ona baada ya muda.

"Bado, wifi."

Akasubiri. Yule mlinzi wa viatu alikuwa anamwasha kwenye ulimi. Mdiria akainamisha kichwa, akakiinua.

"Sasa?"

"Bado."